Bonareri Aunda Kompyuta

Bonareri na mumewe Abner walikuwa wakichuma chai. Ilikuwa asubuhi moja ya mwaka wa 1998, huko Gesima. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, lakini kikapu cha Bonareri kilikuwa kimefika nusu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Majirani walisema vidole hivyo vilifundishwa kazi na taipureta.

Majirani hawakukosea. Kabla ya kuolewa, Bonareri alifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja Nairobi. Alianza na taipureta, kisha akapewa kompyuta. Herufi za kompyuta ile zilikuwa za kijani, na diski zake zilikuwa pana na laini. Baadaye akaolewa, akarudi nyumbani, akamzaa Purity na wadogo zake, akalima. Kwa miaka kumi na miwili hakugusa kompyuta tena.

"Baba Purity," alisema, akitupa majani kikapuni. "Stima imefika sokoni. Mwalimu Obwocha ameniuliza tena."

Mwalimu Obwocha alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa karibu. Kila muhula alipeleka mitihani ya shule yake Kisii mjini ikapigwe chapa. Mara nyingi ilirudi imechelewa, na maswali mengine yamerukwa.

"Amekuuliza nini?" Abner aliuliza.

"Kama naweza kupiga chapa mitihani hapa hapa. Nimemwambia ndiyo. Nimempa ahadi ya muhula huu."

Abner aliacha kuchuma. "Umempa ahadi na kompyuta huna?"

"Bonasi ya chai inakuja."

Abner alikuna kichwa. Bonasi ile, malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwanda cha chai, ilikuwa imeshapangiwa kazi. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, na mama yake Abner, Nyaboke, alikuwa anapika akiwa amezungukwa na sufuria za kukingia maji.

Jioni walimweleza Nyaboke. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Hiyo kompyuta inapika ugali?"

"Haipiki, Mama," Bonareri alisema. "Lakini italeta unga."

Nyaboke alicheka, akatikisa kichwa. "Basi nunueni. Lakini ikikataa kuleta unga, wewe ndiwe utakayekuja kukinga hayo maji."

Bonasi ilipolipwa, siku ya soko Bonareri alitangulia Kisii peke yake. Alimkuta mchuuzi mmoja mwenye begi la vipuri vya kompyuta. Mchuuzi alimwonyesha vijibao viwili vyembamba vya memori, yaani kumbukumbu ya kompyuta.

"Kompyuta bila memori ni bure, mama," mchuuzi alisema. "Chukua hivi. Ni vizuri, na bei ni ya chini."

Bonareri alikumbuka kwamba hata ofisini walikuwa wakililia memori. Akanunua. Hakuuliza vijibao vile vinaingia katika kompyuta ya aina gani. Kwake yeye, memori ilikuwa memori.

Wiki iliyofuata alirudi mjini na Abner. Waliingia katika duka la vitabu na karatasi la Pankaj. Pankaj aliuza madaftari na kalamu mbele ya duka. Mke wake, Megha, aliunda na kutengeneza kompyuta katika chumba cha nyuma. Alizaliwa Kisii, na wateja wengi walimwita Mama Dev, kwa jina la mtoto wake.

"Bwakire, Mama Dev," Bonareri alimsalimu kwa Kikisii.

"Bwakire buya. Karibuni, ketini hapo. Mnataka nini?"

Bonareri alijikaza ili aonekane mjuzi. "Nataka kompyuta yenye prosesa ile mpya kabisa, ule ubongo wake. Memori ninayo tayari."

"Na iwe ya kuimba," Abner aliongeza. "Yenye spika mbili na mahali pa kuweka sidii. Kwaya yetu ya kanisa itaisikiliza."

Megha alitabasamu. "Ngoja kwanza. Kompyuta hii itafanya kazi gani?"

"Kupiga chapa," Bonareri alijibu. "Mitihani, barua, ratiba za harusi na za mazishi."

"Kutengeneza picha za sinema?"

"Hapana."

"Basi prosesa mpya kabisa ya nini? Wewe huwezi kupiga chapa haraka kiasi cha kuichosha hata ile ya mwaka jana. Hiyo mpya ingemaliza nusu ya bonasi yenu, halafu ikae inakungoja wewe utafute herufi."

Abner aliangua kicheko. Bonareri naye akacheka, ingawa kidogo.

"Sasa nionyeshe hiyo memori," Megha alisema.

Bonareri alifungua kitambaa, akatoa vijibao vyake. Megha alikuwa na bodi mezani, ile bodi kubwa ambayo vipuri vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Bonareri aliinama, akajaribu kuchomeka kijibao cha kwanza. Kilikuwa kifupi. Akakigeuza. Bado kilikataa. Akaanza kukisukuma kwa kidole gumba.

Megha aliushika mkono wake taratibu. "Usilazimishe, Mama Purity. Kipuri kikikataa kuingia, hapo si mahali pake. Ukisukuma utavunja vyote viwili."

"Kwani vimeharibika?"

"Havijaharibika. Ni vya aina ya zamani. Siku hizi memori zinazouzwa nyingi ni ndefu zaidi, na bodi hii inataka hizo ndefu."

Uso wa Bonareri ulibadilika. Pesa zile zilikuwa za bonasi, na paa lilikuwa bado linavuja. Alimtazama mumewe.

"Nilidhani najua," alisema kwa sauti ya chini.

Abner alimgusa bega. "Mimi nilidhani kompyuta ni spika. Acha tumsikilize Mama Dev."

"Miaka kumi na miwili ni mingi," Megha alisema. "Ofisini kwenu kompyuta ilikuwa na memori kiasi gani?"

"Kilobaiti mia sita na arobaini. Bosi alijivuna nayo sana."

"Hivi vijibao vyako viwili ni megabaiti kumi na sita."

"Kilobaiti?"

"Mega. Ni zaidi ya mara ishirini ya ile ya bosi wako."

Bonareri aliviangalia tena vijibao vile vidogo katika kiganja chake. "Kweli dunia haikuningoja," alisema.

Wote watatu wakacheka, na moyo wake ukatulia.

Megha aliinuka, akaleta boksi kutoka rafuni. Ndani mlikuwa na bodi nyingine. "Tazama hapa. Hii ina nafasi fupi na nafasi ndefu. Kuna bodi chache za namna hii, zilizotengenezwa wakati watu walipokuwa wakihama kutoka memori za zamani kwenda mpya. Leo tutatumia vijibao vyako. Ukipata kazi nyingi, utavitoa na kuweka memori ndefu, yenye nguvu zaidi. Hutapoteza kitu."

"Kwa hiyo mtu anaanza kununua bodi?" Bonareri aliuliza.

"Mtu anaanza na kazi. Ukishajua kazi, unachagua prosesa na bodi pamoja, kwa sababu prosesa nayo haikai katika kila bodi. Ni kama mlango na fremu yake. Ukinunua mlango Jumatatu kwa jirani na fremu Ijumaa kwa mwingine, utalala mlango wazi."

"Na kasha?" Abner aliuliza, akionyesha makasha ya bati yaliyopangwa ukutani. "Lile jeusi linapendeza."

"Linapendeza, lakini halipigi chapa. Chukua hili la mtumba. Limekwaruzwa kidogo tu. Ila mfuko wa umeme ulio ndani, ule unaogawia vipuri stima, nitauweka mpya, na uwe wa aina inayoingia katika bodi hii."

"Basi tununue kila kitu mtumba," Abner alisema.

"Si kila kitu. Kasha halichoki. Skrini ya mtumba pia ni sawa, mradi tuiwashe hapa na muitazame kwa muda. Lakini diski inayohifadhi kazi huzunguka mchana kutwa. Ya mtumba inaweza kufa bila kuaga, ikafa na mitihani ya Mwalimu. Diski nunueni mpya, hata kama ni ndogo. Maandishi hayajazi diski."

Bonareri alianza kuelewa. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza. Kibodi je? Megha akampa tatu azijaribu. Bonareri alifumba macho, akapiga chapa hewani kwa kila moja, akachagua ile ambayo vitufe vyake vilirudi juu upesi. Skrini je? Waliwasha mbili. Moja ilikuwa kubwa, lakini herufi zake zilicheza. Wakachukua ndogo iliyotulia.

"Macho yako ndiyo yatakayofanya kazi," Megha alisema. "Usiyanyime."

"Na printa?" Bonareri aliuliza. "Nimeona zile za wino, zinatoa karatasi safi sana."

"Mwalimu anataka nakala ngapi za kila mtihani?"

"Nyingi. Shule nzima. Wana mashine yao ya kuzungusha stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala."

"Basi chukua hii yenye sindano. Ina kelele, hilo sikufichi. Lakini ukitoa utepe wake wa wino, sindano zinatoboa stensili. Utakata stensili moja, na shule itazungusha nakala zake yenyewe. Printa ya wino haiwezi, na wino wake ungekula faida yako."

Abner aliitazama mizigo iliyokusanyika mezani. "Kwa hiyo spika hakuna."

"Bodi ina nafasi ya kuziongeza baadaye," Megha alisema. "Kwaya isubiri kidogo."

"Kwaya imezoea kusubiri," Abner alisema. "Hata sauti ya tatu huwa tunaisubiri."

Walipofika mwisho, Megha aliweka stabilaiza mezani, kile kisanduku cha kutuliza stima inapopanda na kushuka. Bonareri alisita. Pesa zilizobaki alitaka zinunue mabati.

"Hiki nacho ni lazima?"

"Hapa kwetu radi haibishi hodi," Megha alisema. "Stima ya sokoni nayo inarukaruka. Kisanduku hiki kitasaidia kwa kuruka huko. Lakini kwa radi usikitegemee. Hakuna kisanduku kinachoshindana na radi iliyopiga karibu. Mawingu yakianza kunguruma, hifadhi kazi yako, zima, kisha chomoa waya ukutani. Kuzima peke yake hakutoshi. Na mwite fundi wa stima ahakikishe waya wa ardhini upo."

Bonareri alinunua stabilaiza. Kisha Megha akawaunganishia kila kitu mbele ya macho yao. Kabla ya kugusa bodi, alishika kwanza bati la kasha, ili stima iliyo mwilini isiunguze vipuri. Alimwachia Bonareri achomeke vijibao vya memori mwenyewe. Safari hii viliingia, vikalia *tik*.

Waliiwasha. Bonareri alitarajia herufi za kijani. Badala yake skrini ilijaa rangi, na mshale mdogo ukatokea. Aliguna kwa mshangao. Megha akampa kipanya mkononi, na kwa muda mrefu Bonareri aliukimbiza mshale ule huku na huku, akicheka kama msichana.

Hawakuondoka hapo mpaka alipoandika barua fupi, akaihifadhi, akazima, akawasha tena, akaikuta. Na kwa sababu hawakununua prosesa ya fahari wala kasha jeusi, walirudi Gesima pia na mabati. Hayakutosha paa zima, lakini yalifunika upande wa mafiga. Nyaboke alisema hajawahi kuona kompyuta nzuri kama ile, ingawa alikuwa hajaiona.

Chumba alichokodi Bonareri cha kupigia chapa kilikuwa sokoni, kikipakana na saluni ya Eucabeth. Fundi wa stima alikuja, akakuta waya wa ardhini umeishia hewani nyuma ya ukuta, haujafika ardhini. Akaurekebisha.

Alasiri moja Bonareri alikuwa akipiga chapa mtihani wa hisabati. Mawingu yaliinuka upande wa vilima vya Manga. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Alihifadhi kazi, akazima, akachomoa nyaya zote, hata wa printa. Kisha akachungulia kwa jirani.

"Eucabeth, chomoa redio yako!"

"Nimeshaizima!"

"Kuzima hakutoshi. Chomoa!"

Eucabeth alinung'unika, lakini akachomoa. Radi ilipiga mlingoti wa stima kando ya soko, ikatetemesha mabati yote. Duka la mbele, ambalo mwenyewe alikuwa amelifunga na kwenda nyumbani, liliunguliwa na televisheni. Mvua ilipokwisha na stima iliporudi, Bonareri alichomeka waya. Kompyuta iliwaka. Mtihani ulikuwepo, swali kwa swali. Ukutani kwa jirani redio ya Eucabeth nayo ilianza kuimba.

Mwalimu Obwocha alifika na kalamu yake ya wino mwekundu ya kusahihishia. Bonareri alimpa mtihani wote uliochapwa kwenye karatasi ya kawaida, ausome kabla ya kukata stensili. Alisoma akiwa amesimama, miwani puani. Ghafla akaweka kidole kwenye swali moja.

"Mama Purity, pole sana. Hapa katikati nimekosea mwenyewe. Niliandika ng'ombe saba, na jibu linataka tisa. Sasa utaupiga ukurasa wote upya?"

"Keti, Mwalimu."

Bonareri alipeleka mshale kwenye saba, akaifuta, akaandika tisa. Printa ililia kwa sauti yake ya cherehani, na ukurasa safi ukatoka. Mwalimu aliupokea. Aliutazama mbele, akaugeuza nyuma, kisha akauelekeza dirishani kutafuta alama ya kufutia. Hakuona kitu.

Alivua miwani, akavuta kiti mpaka karibu na skrini.

"Hebu rudisha ile saba," alisema. "Halafu irekebishe tena, polepole, nione."