Sifuri Sita kwenye Karatasi ya Bibi

Cheche alizoea kuianza siku kwa mbio. Kila alfajiri aliuzunguka uwanja wa shule mara nne na timu yake ya mpira wa pete, akanawa uso bombani, akaingia darasani bado anahema. Jumanne hiyo aliianza akiwa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, ndani ya wodi ya wanawake, akimsikiliza Bibi akikoroma. Hasira aliyokuwa nayo ingeweza kuchemsha chai ya wodi nzima, na maji ya kuogea yakabaki.

Jina la Cheche alibandikwa na wenzake kwa sababu alikuwa anawaka haraka. Safari hii, lakini, alijiona ana haki. Bibi yake alikuwa amepanda stuli kubadilisha balbu, akaanguka, akavunjika kifundo cha mguu. Balbu yenyewe ilikuwa nzima. Umeme ndio uliokuwa umekatika mtaa mzima. Jumatatu Bibi akapasuliwa mguu. Mama, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha biskuti, hakupata ruhusa, kwa hiyo akamwombea Cheche ruhusa shuleni ili akae na mgonjwa.

"Mpaka Alhamisi tu, mwanangu," Mama alisema.

Fainali ilikuwa Alhamisi hiyohiyo, saa tisa alasiri, na Cheche ndiye nahodha.

Mlango wa wodi ukafunguliwa, akaingia daktari wa ganzi, mwanamke mwembamba aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyemchoma Bibi sindano ya mgongoni ili asisikie chochote kuanzia kiunoni kwenda chini wakati wa upasuaji. Alikuwa ameshika karatasi moja.

"Wewe ndiye mwuguzaji?" aliuliza.

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Bibi yako amekubali kushiriki kwenye utafiti wetu. Amekueleza?"

Cheche alisimama. "Ameniambia mnamjaribia sindano. Kwa nini msijichome wenyewe kwanza?"

Mama mmoja wa kitanda cha jirani, fundi cherehani aliyekuwa amefungwa mguu mzima kama bomba la maji, alicheka hadi kitanda kikalia. "Hapo umepatikana, daktari. Jibu."

Daktari hakukasirika. Alivuta stuli akakaa. Alieleza kwamba sindano zote mbili zinatumika hospitali siku zote. Ya zamani ina ncha inayokata, na nyingine ina ncha kama ya penseli. Watu wengine wakishachomwa mgongoni huumwa kichwa vibaya kesho yake au keshokutwa, hasa wakikaa au kusimama. Utafiti ulitaka kujua ni sindano ipi inaleta maumivu hayo mara chache zaidi, kwa wagonjwa mia mbili.

"Bibi alichomwa ipi?"

"Mimi ninajua, lakini sitasema. Mgonjwa hajui, na anayeandika hajui, ili mtu asipendelee upande." Akampa ile karatasi. Ilikuwa na visanduku saba: asubuhi, mchana na jioni kwa Jumanne na Jumatano, kisha Alhamisi asubuhi. "Kila wakati ukifika, mkalishe Bibi robo saa. Muulize habari za kichwa. Andika namba. Sifuri, hakiumi. Kumi, kinauma sana hata hawezi kuvumilia. Leo na kesho asubuhi niko chumba cha upasuaji, nitakutegemea wewe. Akiwa hana shida, Alhamisi asubuhi mnakwenda nyumbani."

Cheche alisikia yote, lakini kilichomkaa masikioni ni hilo la mwisho.

Asubuhi hiyo alifanya alivyoagizwa. Alimkalisha Bibi, wakasubiri robo saa, akauliza. Kichwa hakikuuma. Akaandika sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa ya kweli.

Mchana rafiki yake wa timu alikuja hadi dirishani kumpa habari za mazoezi: kwenye nafasi yake alikuwa amewekwa yule msichana wa darasa la sita, anayedaka mpira kana kwamba ni moto. Cheche akatoka mbio kumfuata nje. Mlangoni akakumbuka karatasi, akageuza shingo.

"Bibi, habari za kichwa?"

"Nzuri tu, mjukuu wangu," Bibi alijibu bila kuinua kichwa kwenye mto, uso ameuelekeza ukutani.

Sifuri. Jioni Bibi alikuwa amelala, na Cheche aliona hakuna haja ya kumwamsha mtu kumuuliza jambo ambalo jibu lake linajulikana. Sifuri. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi na hasira ilikuwa bado kifuani, akajaza na visanduku vya Jumatano vyote vitatu, na cha Alhamisi. Safu ya sifuri saba, zimepangana kama mayai kwenye trei. Akaiweka karatasi chini ya jagi la maji.

"Umemaliza kazi ya siku tatu kwa siku moja," fundi cherehani alisema. "Mimi mteja akiniletea kitambaa, humpima kwanza."

"Mama, lala upone," Cheche alimjibu kwa ukali.

Jumatano saa tano asubuhi daktari alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa, kwa kuwa mgonjwa wake mmoja alikuwa ameahirishwa. Aliinua jagi, akachukua karatasi, akaisoma. Akatazama saa ya ukutani. Akaisoma tena.

"Leo ni siku gani?"

Cheche alianza kukunja shuka la Bibi.

"Nimeuliza leo ni siku gani."

"Jumatano."

"Hapa Bibi yako amejibu mpaka Alhamisi." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililotisha. Akamgeukia Bibi. "Habari za kichwa, mama?"

"Nzuri tu, daktari. Nashukuru."

"Naomba ukae."

Bibi aliinuka polepole kwa viwiko. Hata hakumaliza kukaa. Uso ulimbadilika rangi, mikono yote miwili ikashika kichwa kama mtu anayezuia mtungi usianguke, akatapika kwenye beseni ambalo Cheche alilishika.

"Tangu lini?" daktari aliuliza, akimlaza.

"Tangu jana mchana," Bibi alinong'ona. "Nikilala kinatulia kidogo. Nikiinua shingo, ni nyundo."

"Kwa nini hukusema?" Cheche alilipuka. "Nilikuuliza, ukaniambia nzuri."

Bibi alifumbua jicho moja. Maumivu hayakuwa yamemmaliza makali. "Uliniuliza mguu mmoja ukiwa nje. Ningekwambia nini, urudi uniangalie kama mtu aliyekunyima mechi? Na huyu daktari amenishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho wa upasuaji. Nimwambie sindano yake imeniumiza? Mimi sikulelewa hivyo."

Daktari aliagiza Bibi apewe vidonge, maji mengi, chai ya rangi, na alale chali. Alisema kama kichwa hakitatulia, ipo njia nyingine ya kukitibu, lakini hiyo safari ya nyumbani Alhamisi isahauliwe. Kisha akamwita Cheche kwenye meza ya wauguzi.

Cheche alikuwa tayari ameshatoa kifutio mfukoni. "Nitazifuta. Nitaandika upya."

"Rudisha hicho. Hapa hatufuti."

"Kwa hiyo mnataka kila mtu aone?"

"Ndiyo. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke. Pembeni unaandika ukweli, tarehe, na sahihi yako. Hata mimi nikikosea nafanya hivyo hivyo."

"Niliandika sifuri tu. Sikumuua mtu."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia. "Nisikilize. Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Maumivu ya Bibi yako nina dawa yake, lakini yamekaa karibu siku nzima bila dawa kwa sababu wewe uliyaandikia sifuri. Hii karatasi ingeingia kwenye hesabu na nyingine mia na tisini na tisa. Daktari wa mbali angesoma kwamba sindano hii haiumizi kichwa, angewachoma nayo akina mama wanaozaa kwa upasuaji. Mzazi hawezi kukaa kumnyonyesha mwanawe, halafu anaambiwa kitabu kinasema haiumi. Na kitabu hicho umekiandika wewe."

Cheche alitaka kulia, na hilo likamkasirisha zaidi. "Lakini na nyinyi mnauliza vibaya," alisema. "Ukimuuliza mtu mzima habari za kichwa atakwambia nzuri hata kama amekiacha nyumbani. Si hivyo ndivyo tunavyosalimiana? Muulizeni kinauma au hakiumi."

Daktari akachukua kalamu, akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, neno kwa neno. "Hilo ni kosa letu, na nitalisahihisha leo kwenye karatasi zote. Kumwachia mtoto karatasi nako ni kosa langu. Sasa sahihisha la kwako."

Cheche aliiacha sifuri ya kwanza, maana ilikuwa ya kweli. Kwenye ya pili alipiga mstari, akaandika: *Niliuliza nikiwa mlangoni.* Kwenye ya tatu na ya nne: *Sikuuliza.* Kwenye tatu zilizobaki: *Muda ulikuwa haujafika.* Mistari sita, sahihi sita. Mkono ulimuuma kuliko siku ambayo aliwahi kuandika insha ya kurasa nne.

Saa sita mchana alirudi kitandani kwa Bibi. "Bibi, ukiinua kichwa kinauma au hakiumi? Nipe namba."

"Nane," Bibi alisema. "Na hiyo chai yao haina sukari, iandike pia."

Fainali ilichezwa bila nahodha, na timu ikashindwa kwa goli moja. Cheche aliambiwa habari hizo dirishani Alhamisi jioni, akapiga teke kile kiti cha plastiki, kisha akaenda kumchotea Bibi maji, kwa kuwa saa ya kuuliza ilikuwa imefika. Visanduku vilikuwa vimekwisha, akaandika nyuma ya karatasi. Sita. Ijumaa, nne. Jumapili Bibi alikaa kitandani nusu saa nzima akimsimulia fundi cherehani namna balbu ilivyomrushia teke, na alipoulizwa akajibu sifuri. Cheche hakuiamini. Alimwacha akae robo saa nyingine, akamuuliza tena, ndipo akaandika.

Jumatatu daktari alikuja na karatasi ya ruhusa. Alipitia zile namba zote, na ile mistari sita.

"Bado una hasira na mimi?" aliuliza.

"Kidogo," Cheche alisema.

"Kaa nayo, siku moja itakufaa kazini. Lakini shika hili. Ukiandika jibu kabla ya kuuliza, umemziba mtu mdomo, na yeye ndiye anayeumwa."