Kivuli cha Uani kwa Dobi

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta binti wa dobi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida. Mama dobi alikuwa amekwenda kuwapelekea wateja nguo zao. Binti yake alikuwa akipiga pasi barazani, na mdogo wake, ambaye kwa wingi wa maneno mtaani walimwita Chiriku, alikuwa akicheza chini ya mti.

Mti wenyewe hakuna aliyeujua. Zamani kidogo walikuta koti mlangoni, bichi, limekunjwa kwa ustadi, halina mwenyewe. Dobi hafui kabla ya kupekua mifuko, na mama alipopekua akakuta mbegu moja nyeusi. "Tutaijua kwa tunda lake," akasema, akaifukia kwenye kona ya ua.

Sasa mti ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza, na majirani walikuja kuutazama, kila mtu na lake.

"Huo mzambarau."

"Mzambarau una miba?"

"Basi ni mkweo, kaja kimyakimya."

Walicheka. Hakuna aliyeonja.

Aliyeonja ni Chiriku.

Binti aliona maji meupe yakimchuruzika kidevuni. "Umekula nini, wewe?"

"Tamu, dada. Tena halina kokwa."

"Tema! Twende zahanati."

Alimshika mkono, wakaelekea langoni. Walipofika ukingoni mwa kivuli, Chiriku akaanguka. Hakulia. Hakupumua. Midomo ikawa rangi ya majivu. Binti akamvuta nyuma amlaze, na mtoto akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini.

Akajaribu tena. Vilevile. Akamfunika shuka ili jua lisimguse. Vilevile. Kumbe tatizo halikuwa jua. Kivuli ndicho kilichomshika.

Alimwita muuza miche wa ng'ambo ya barabara, kijana mwenye majigambo kwamba hakuna mti asioujua kwa kunusa jani. Aliingia akitabasamu. "Shemeji, leo ndiyo umenikumbuka?"

Akalifikicha jani, akanusa. Tabasamu likamtoka. Akalipasua tunda kwa kisu. Nyama tupu. Akapasua jingine. Nyama tupu.

"Ni mti gani?" binti akauliza.

"Usiniulize jina lake."

"Kaka, sema. Kivuli kinarudi."

Kweli. Jua lilikuwa likipanda, na kivuli kikisinyaa kuelekea shinani. Chiriku alikuwa amejikunyata, magoti kidevuni.

"Tuukate!"

"Ukiukata, atakaa kivuli gani?" Kijana alishusha sauti. "Kwetu ulikuwepo mmoja. Bibi alikuwa akisema una nafasi ya mtu mmoja tu. Anayeingia ndiye anayemtoa aliyemo."

Akaondoka kinyumenyume. Kisu chake alikiacha chini.

Binti alitazama lango. Lilikuwa wazi. Nje kuna mtu alikuwa akipita na baiskeli, akipiga mluzi.

Akachuma tunda. Akala.

"Nenda kamsubiri mama nje," akanong'ona.

"Na wewe, dada?"

"Nitakuja jua likizama. Giza likiingia kivuli kitakuwa kila mahali. Nitatembea tu."

Chiriku akavuka ukingo. Jua likampiga usoni. Akapumua.

Mama aliporudi alikaa na binti yake hadi jioni, wameshikana mikono, mmoja kivulini, mmoja juani. Mama alilia. Binti alimfariji. Jua likazama. Vivuli vyote vikawa kimoja.

Mkono ukapoa. Kisha mama akajikuta ameshika hewa.

Kulipokucha alileta shoka. Mti ulianguka bila kishindo. Mizizi ikang'olewa, ua ukamwagiwa saruji.

Lakini nimepaona kwa macho yangu. Jua likiwaka, kivuli kipo pale juu ya saruji. Shina, matawi, majani. Majani hutikisika hata kusipokuwa na upepo. Nguo ikianikwa hapo haikauki.

Juzijuzi gauni la Chiriku lilipeperuka kutoka kwenye kamba likaangukia humo. Hakuna aliyethubutu kulifuata. Asubuhi wakalikuta mlangoni, bichi, limekunjwa kama binti alivyokuwa akikunja: mikono nyuma, kola juu.

Dobi ni dobi. Mama alipekua mfuko.

Mbegu moja nyeusi. Ina joto, kama iliyotoka kiganjani mwa mtu sasa hivi.

Hajaipanda. Hajaitupa. Ameifumbata, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuufungua mkono ule.