Vumbi la Ufagio

Kila asubuhi, kabla msumeno haujalia, mke wa seremala alikuwa amekwisha kuifagia karakana. Alifagia kwa ufagio mkavu, mlango ameufunga, vumbi lisiwakere majirani. Miezi mitatu sasa kikohozi kilimganda kama kupe. Hata sala hakuimaliza bila kukatizwa.

Siku moja akaja mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke wa makamo, amebeba kisanduku cha kupimia vumbi.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwalimu." Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Sijambo gani hiyo, na kifua kinapiga ngoma?" seremala akadakia. "Mwambie ukweli!"

"Nimwambie ili iweje? Wenzake walikuja mwaka jana, wakatuuliza, wakajaza makaratasi yao, wakatokomea."

Mhadhiri akainamisha kichwa. "Tulikosa, mama. Safari hii majibu yatasomwa hapa kwanza."

Akakiweka kisanduku kando ya msumeno. Mke wa seremala akaangua kicheko.

"Mwalimu, hapo unapoteza wakati! Vumbi huamka ninapofagia mimi, si anapopasua mbao yeye."

"Basi nifundishe."

Kesho yake kisanduku kikawekwa karibu na ufagio. Vumbi likazidi lile la msumeno mara nne.

"Hili vitabu vyangu havikuniambia," mhadhiri akakiri. "Nami nikwambie ninalolijua. Vumbi laini, lisiloonekana, ndilo linalozama mapafuni. Fungua mlango na dirisha. Nyunyiza maji sakafuni, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa. Vaa barakoa. Na kikohozi kilichopita wiki mbili si cha kungoja; nenda ukapimwe hospitali."

"Maji yataniharibia mbao!" seremala akalalamika.

"Mbao zako ziko juu ya rafu, bwana. Au mapafu yangu ndiyo ya kutupwa?"

Seremala akainua ndoo. Alikwenda kuchota maji.

Hospitalini mkewe alipimwa, hakukutwa na kifua kikuu. Akapewa dawa, akaambiwa ajiepushe na vumbi. Naye ufagio mkavu hakuushika tena.

Baada ya miezi miwili mhadhiri alirudi na ripoti. Akaisoma palepale, juu ya meza ya kurandia, kabla ya kuipeleka chuoni. Ukurasa wa kwanza ulieleza habari ya ufagio, na kwamba aliyeigundua ni mwenye kufagia.

"Kuna nililokosea?" akauliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Na wewe hujambo, mama?"

"Sijambo."

Mhadhiri akasubiri kikohozi. Hakikuja.