Mbegu Haina Miguu

"Mama, umemtukana nani mtandaoni?"

Liễu, binti yangu, alikuwa amesimama mlangoni mwa kinu chetu cha kukobolea mpunga, simu mkononi, vumbi la pumba limemjaa nyusi.

"Sijamtukana mtu. Nimemsahihisha."

"Profesa mzima, Mama! Watu mia tatu wamecheka."

"Profesa naye hukosea. Tena akikosea yeye, hukosea kwa herufi kubwa."

Asubuhi ile nilikuwa nimesoma makala ya mwalimu mmoja mstaafu wa chuo cha kilimo. Aliandika kwamba kilichoifukuza njaa katika delta yetu ya Mekong ni sayansi peke yake. Wafanyabiashara, kwa maelezo yake, walikuja baadaye wakakuta meza imekwisha kuandaliwa. Chini ya makala hiyo niliandika sentensi moja tu, kwa simu ya binti yangu: *Mbegu haina miguu.* Jina la mwandishi nilikuwa nimeliona. Sitajifanya kwamba sikuliona.

"Amekujibu faragha," Liễu alisema. "Nikusomee?"

"Soma."

"'Maneno haya niliyasikia mara moja tu maishani mwangu, mwaka wa 1978, kutoka kwa msichana aliyekuwa akinicheka. Tafadhali, wewe ni nani?'"

Aliinua macho.

"Mama, huyu nani?"

"Lete hiyo simu."

"Mikono inakutetemeka."

"Ni mashine ya kinu. Inatikisa nyumba nzima."

"Mashine nimeizima tangu saa nne."

Nilimnyang'anya simu, nikaenda kukaa nyuma ya magunia. Niliandika *Ni mimi, Thoa*, nikayafuta. Niliandika *Umekosea namba*, nikayafuta pia. Mwishowe niliandika: *Ni yule yule. Ila sasa hachekicheki ovyo.*

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu chini: *Thoa. Naomba nikupigie.*

Sikujibu siku ile, wala siku mbili zilizofuata. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kwa miaka arobaini na sita, na yalipofika niliyaogopa kama mtu anayeogopa barua ya hospitali.

Mwaka ule wa 1978 vidudu vya kahawia viliumaliza mpunga wote wa kijiji chetu. Tulikula mihogo hadi watoto wakachukia harufu yake. Ndipo wanafunzi wa chuo walipoletwa, kila mmoja na matita ya miche ya mbegu mpya isiyoliwa na vidudu, na Khương, profesa huyu wa leo, akapewa shamba la baba yangu. Alikuwa mwembamba kama ufito. Alituamuru tupande mche mmoja mmoja kila shimo, wala si konzi nzima kama tulivyofundishwa na mababu, ili mbegu chache zizae nyingi.

"Kaka Khương," nilimwambia, "shamba lako hili limefanana na kidevu cha mzee asiyeota ndevu."

"Subiri miezi mitatu, Thoa. Utakitafuta hicho kidevu hukioni."

Nilisubiri. Ndevu ziliota. Nami nikampenda, tukiwa tumezama hadi magotini katika tope, kabla hata sijajua anatumia mkono gani kulia chakula.

Tulipovuna, tuligombana. Magunia yalikuwa ghalani, na vijiji vya mkoa jirani vilikuwa havina hata punje ya kupanda. Khương alitaka tungoje msimu wa pili, mbegu ikaguliwe, kisha kamati igawe kwa orodha.

"Orodha hailiwi," nilimwambia. "Nipe magunia matatu niyapeleke sokoni. Mtu mwenye njaa ataitafuta mbegu hii mwenyewe, hahitaji kuitwa jina."

"Sokoni? Soko halijui mbegu njema na mbovu, Thoa. Linajua bei tu. Ikichanganyika na ya zamani, vidudu vitarudi, na watu hawataiamini tena."

"Kumbe unataka ikae humu ghalani ikusikilize ukihutubia? Mbegu haina miguu, Kaka Khương!"

"Na miguu isiyo na mbegu inabeba nini?"

Siku zile ilikuwa marufuku kuvusha mpunga kutoka mkoa hadi mkoa. Kila mfereji ulikuwa na kizuizi chake. Mimi nilikuwa na ufunguo wa pili wa ghala. Niliyafunika magunia matatu kwa maboga, nikaipiga kasia mashua ya baba mchana kweupe, nikamtania askari wa kizuizi hadi akasahau kuinua boga hata moja. Niliyauza yote kwenye gati la mkoa jirani kwa siku mbili.

Kamati ilipogundua, ilimwuliza Khương mbele ya kijiji kizima ni nani mwenye ufunguo. Angeweza kusema hajui.

Alisema: "Mimi na Thoa."

Walitaifisha mashua ya baba, na mashua ile ndiyo iliyotulisha.

Siku ya tambuu, yaani ya posa yetu, ilikuwa imekwisha kupangwa. Mama yake Khương alifika kutoka mkoa jirani, hana habari, amebeba sinia lenye kitambaa chekundu, tambuu mbichi na kichala kizima cha popoo. Kwetu, upande wa msichana huchana sehemu ya popoo zile kwa mikono na kuirudisha kwa wakwe. Chuma hakigusi kichala hicho kamwe, kwani kilichokatwa hakiungiki.

Mimi nilikwenda jikoni, nikachukua kisu, nikakikata kichala mbele ya wote.

Mama yake alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kusema neno. Hakulisema. Alizifunga popoo zilizokatwa ndani ya kile kitambaa, akaondoka na mwanawe.

Baadaye niliolewa na mtu mwema, tukajenga kinu, na sasa ni mwaka wa tisa tangu nimzike. Sikumwibia kitu mume wangu. Lakini kila msimu, miche inapoanza kushika shambani, kuna mahali ndani yangu panapobaki na shimo moja lisilopandwa.

Siku ya tatu simu iliita. Liễu aliipokea kabla sijamzuia.

"Ndiyo, Mwalimu. Yupo. Amejificha nyuma ya magunia."

"Liễu!"

"Chukua, Mama. Mimi naenda kununua barafu ya kahawa. Naweza kukawia."

Niliishika simu. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu.

"Thoa?"

Sauti ilikuwa imezeeka. Jina langu ndani yake halikuzeeka.

"Mwalimu Khương, shikamoo."

"Usiniamkie hivyo. Nimekuzidi miaka mitatu tu."

"Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula."

Tulikuwa hatujala wote wawili, tuliambiana baadaye.

"Nilisikia msiba wako," alisema. "Na mimi mke wangu alifariki, huu ni mwaka wa sita sasa. Thoa, ninataka kuja. Kuna jambo ambalo haliandikiki."

"Kama ni kuja kubishana, baki huko huko. Nina mpunga wa watu wa kukoboa."

"Si kubishana."

"Basi sikujui. Khương ninayemjua mimi hana kazi nyingine."

Alicheka, na kicheko kile kilinichoma. Nilitamani aje hata leo hii. Na niliogopa kuja kwake, kwa sababu na mimi nilikuwa na jambo. Nikimwambia, angejua ni mtu wa namna gani aliyempenda. Nisipomwambia, angekuwa anakunywa kahawa na msichana ambaye hakuwahi kuwepo.

"Njoo Jumapili," nilisema. "Asubuhi. Mchana kuna joto, na wewe hukuwahi kuliweza jua."

Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kofia mkononi, mfuko wa kitambaa begani. Bado alikuwa ufito, ila sasa umepinda kidogo. Liễu alimletea kahawa ya maziwa yenye barafu, akaketi kabisa.

"Huna kazi?" nilimwuliza.

"Kazi yangu leo ni hii, Mama."

Khương hakuigusa kahawa.

"Thoa, nimekuja kukuambia kwamba ulishinda."

"Nilishinda nini?"

"Ubishi. Mama yangu alifariki mwaka wa 1986. Kabla hajakata roho aliniambia: 'Yule msichana wa kisu nilimtambua. Ndiye aliyeniuzia mbegu gatini, chini ya maboga. Alinipimia, kisha akaniongezea konzi mbili kwa sababu nilikuwa nakohoa.' Shamba letu lilikuwa jeupe, Thoa. Mbegu yangu mimi mwenyewe ilikuwa ghalani ikingoja orodha, na mama yangu anakufa njaa umbali wa siku moja. Ni wewe uliyemfikishia."



"Mbona hakusema siku ile?"

"Aseme nini? Mwanawe ametoka kumtaja mchumba wake mbele ya kamati kwa kosa hilo hilo, naye kanunua. Aliogopa. Alilia juu ya zile popoo njia nzima."

"Na wewe ulipojua, mbona hukuja?"

"Nilikuja. Wiki ile ile. Nilishuka kivukoni, nikakuona umembeba mtoto, na mumeo amekushikia mwavuli. Nilinunua nanasi, nikarudi nyumbani."

"Nanasi?"

"Ilibidi ninunue kitu. Muuzaji alikuwa akinikodolea macho."

"Kumbe soko lilikufaa hata wewe," Liễu alidakia.

Khương alicheka. Mimi sikuweza.

"Ile makala," nilisema. "Kama ulijua yote haya, kwa nini uliandika kwamba ni sayansi peke yake?"

Aliitazama kofia yake.

"Nimeandika uongo huo kila mwaka tangu nistaafu, nikiweka na jina langu kamili. Nilikuwa nangoja anikasirikie mtu mmoja."

Liễu aliinuka bila kuambiwa, akaenda kuwasha mashine ambayo haikuwa na mpunga ndani.

"Usinipe ushindi, Khương," nilisema, nikilazimika kuinua sauti juu ya kelele za kinu. "Sikiliza. Magunia yale yalikuwa matatu, lakini la tatu lilikuwa halijajaa. Nililijaza kwa mpunga wetu wa zamani ili lionekane limefura. Nililiuza kwa wazee wawili, mtu na mkewe. Msimu uliofuata nilipita kwao. Nusu ya shamba ilikuwa imekauka, rangi ya kutu. Yule bibi hakunikumbuka. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia: 'Hii mbegu mpya ni uongo, mwanangu. Hatupandi tena.' Niliyanywa maji yake, nikaondoka bila kusema neno. Uliniambia kwamba soko linajua bei tu. Siku ile, soko lilikuwa mimi."

Aliisogeza kahawa kando.

"Ndiyo maana hukuzijibu barua zangu?" aliuliza. "Zile tatu nilizokuandikia mwaka uliofuata?"

"Ningejibu nini? Wewe ndiwe uliyeshinda."

Tulitazamana. Nilimwona akihesabu, kama nilivyokuwa nikihesabu mimi: miaka arobaini na sita, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa aibu ya kushindwa.

"Wajinga wawili," alisema polepole.

"Sema kwa nafsi yako. Mimi sina hata shahada."

Safari hii tulicheka wote, kisha kicheko kikawa kitu kingine, nikalazimika kujifuta uso kwa ncha ya kitambaa changu cha shingoni.

"Yule bibi," alisema, "yu hai?"

"Hapana. Lakini wajukuu wake wanakoboa hapa kwangu. Wanapanda mbegu safi, na mbegu hiyo huinunua kwangu. Kila gunia nalifungua mbele yao hadi chini."

"Hadi chini kabisa?"

"Hadi punje ya mwisho. Ni wewe uliyenifundisha, ijapokuwa hukuwepo."

Aliuvuta ule mfuko wa kitambaa, akaufungua mapajani. Kitambaa kilichokuwa ndani kilikuwa chekundu zamani. Sasa kilikuwa na rangi ya matofali. Juu yake palikuwa na tambuu mbichi na kichala kizima cha popoo, kijani kibichi, bado kina umande wa soko.

"Hiki ni kitambaa cha mama," alisema. "Popoo nimenunua kivukoni. Muuzaji ni mtoto wa yule yule wa nanasi."

"Amekupunja. Hizi ni ndogo."

"Thoa."

"Nimesema tu."

"Sina mshenga, sina wazazi wa kuwatuma. Nina umri wa miaka sitini na tisa, na bado ninaamini kwamba mbegu ndiyo kwanza. Utazirudisha nusu, kama ada inavyotaka, au utazikata?"

Mashine ilizimika. Liễu alikuwa mlangoni tena, macho yamemlowa, anajifanya ni pumba.

Nilikishika kichala. Kikonyo cha popoo ni kigumu, na vidole vyangu vimeliwa na baridi yabisi. Nilivuta mara moja, kikakataa. Nilivuta mara ya pili.

"Mama, ngoja nikuletee mkasi…"

"Liễu! Ukiugusa huo mkasi, si binti yangu!"

Aliganda pale pale. Khương aliinama mbele, akakishika kichala upande wa pili kwa mikono yake miwili iliyojaa madoa ya uzee.

"Wewe vuta huko," alisema. "Mimi navuta huku."

"Siku zote ndivyo tulivyofanya," nilimjibu.

Tukavuta. Kikonyo kikalia, nyuzi zake zikaachana moja baada ya moja, mpaka kila mmoja wetu akabaki na nusu yake mkononi, imechanika vibaya, bila alama yoyote ya chuma.