Jeneza Lisilopimwa

Kila Jumamosi asubuhi Kijiti, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alifagia maranda katika karakana ya baba yake, fundi seremala. Siku hiyo aliingia jirani yao, macho mekundu. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki alfajiri.

"Mwambie baba yako nataka jeneza. Tunazika saa tisa."

Kijiti alijua lazima aulize urefu. Lakini utamwulizaje mjane kipimo cha mumewe? "Pole, mama," alisema tu.

Baba aliporudi na mbao na kuambiwa kuna jeneza la kutengeneza, aliuliza, "La nani? Kipimo?"

"La dereva jirani. Mtu mzima."

Muda ulikuwa mchache, wakagawana kazi. Baba alitengeneza sanduku, kaka yake Kijiti kifuniko, shangazi akashona kitambaa cha ndani. Kila mtu alikadiria kichwani mwake. Saa saba walipounganisha, kifuniko kilizidi sanduku kwa shubiri mbili.

"Wewe umempima nani, twiga?" baba alimfokea kijana wake aliyetengeneza kifuniko.

"Baba, yule marehemu alikuwa mlingoti!"

"Na wewe kaka yangu," shangazi akadakia, "umempima mtoto wa shule?"

Kijiti alijitokeza mbele. "Kosa ni langu. Mama wa watu sikumwuliza. Niliona haya."

Baba alimpa uzi. "Nenda ukaombe radhi. Urudi na kipimo."

Msibani alimwendea mjane. Alipiga magoti, akaeleza. Shemeji wa mjane aliuchukua uzi, akaingia chumbani, akatoka ameufunga fundo penye urefu wa marehemu.

"Ungeniuliza, mwanangu," mjane alisema taratibu. "Ni nani zaidi yangu angetaka mume wangu alale vizuri?"

Kijiti alilia njia nzima.

Walibomoa sanduku, wakaunda jingine. Marehemu alitoshea, lakini alizikwa saa kumi na moja, na wazee walikuwa wamesimama juani muda wote huo.

Waliporudi kutoka makaburini, baba aliwakalisha wote.

"Mimi nami nimekosa. Nimeshika msumeno bila kipimo. Tangu leo hakuna atakayegusa ubao kabla sote hatujasikia: ni la nani, urefu gani, upana gani, linatakiwa lini. Kijiti, haya ya kuuliza ni ya dakika moja. Haya ya leo tutakaa nayo."