Picha ya Harusi Kando ya Kitanda

Chwaa!

Mlio ulitoka ghorofani. Nilikuwa nimepiga magoti barazani, napaka mafuta reli ya mlango mkubwa wa kioo unaotazama bahari. Mkono ukasimama. Mimi ni fundi vioo. Kioo kikivunjika nasikia kama ni kikubwa au kidogo, na hiki kilikuwa kidogo. Si dirisha. Nikashusha pumzi.

Niliishusha mapema mno.

Viatu vilishuka ngazi kwa kishindo, nikageuka. Alikuwa Nesi wangu! Sare yake nyeupe ilikuwa imenyooka, kifua kikipanda na kushuka, na mkononi ameshika fremu ya picha isiyo na kioo.

"Wewe!"

"Nesi? Umefikaje huku?"

"Nimeletwa na gari la mgonjwa wangu, anatafuta nyumba. Wewe ndiye uniambie umefikaje humu!"

Akanisukumia fremu usoni. Ndani yake nilikuwa mimi, suti nyeusi, tai shingoni. Pembeni yangu bibi harusi aliyefunikwa shela usoni, amenilalia bega. Na mikononi mwangu mtoto mchanga, anacheka ufizi mtupu.

"Ilikuwa kando ya kitanda," akasema. "Kitanda chenye mito minane! Jumamosi unakuja kwetu kujitambulisha. Ungejitambulisha kama nani? Mume wa nani?"

"Nesi, nisikilize..."

"Uliniambia unafunga vioo. Hukuniambia unavifunga nyumbani kwako!"

"Nyumbani kwangu? Mimi? Hebu nitazame!"

Ovaroli langu lilikuwa na gundi ya vioo mpaka kwenye kola.

"Ndiyo zenu matajiri! Mnavaa matambara ili mpendwe bure. Na asubuhi ukanitumia shairi!"

Akatoa simu, akalisoma kwa sauti ya kukomoa:

"Dirisha hili ni lao, bahari yote ni yangu,
Walale na mali zao, mradi uwe wa kwangu."

"Dirisha ni la nani? Lao? Muongo mkubwa wewe, mpaka na vina!"

Jamani, kutukanwa nimezoea. Lakini shairi langu kusomwa hivyo, kama tangazo la kukatika kwa maji! Damu ilinichemka.

Kabla sijajibu, nyuma yake walishuka wawili. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mrefu, mwenye fimbo na miwani: hakimu mstaafu, ndiye mgonjwa wa Nesi, ana goti bovu na pesa nyingi. Wa pili alikuwa Mama Mauzo, bosi wangu, anayeuza nyumba zote zilizo ndani ya ukuta huu wa ufukweni. Ukimwona anavyotabasamu utadhani hata bahari ni mali yake na anaikodisha.

"Kuna nini hapa?" Bibi Hakimu akauliza.

"Mwulize huyu, Bibi! Huyu ndiye niliyekuambia nampenda! Kumbe ndiye mwenye nyumba, na ana mke na mtoto!"

Mama Mauzo alinikazia macho. Nikamwelewa. Nyumba hii ilikuwa haijawahi kulala mtu, ila wateja huambiwa ni ya familia changa yenye furaha inayohamia ng'ambo. Anasema matajiri hawanunui kuta, wananunua furaha ya watu. Basi hupanga vitabu, viatu vya mtoto mlangoni, na picha.

"Aa, Mheshimiwa," akasema bila kupepesa, "ndiye mwenye nyumba kweli. Anapenda sana kazi za mikono."

Kisha akanisogelea, meno yamefungwa: "Ukifungua mdomo, kazi huna."

Na kazi ile niliipenda. Kila kioo kinachotazama bahari katika safu ile nilikifunga mimi. Nikamtazama Nesi. Alikuwa anaandika kwenye simu huku machozi yanadondokea kidole. Nikaona maneno yakienda kwa mama yake: *Mama, Jumamosi msipike. Ana mke.*

Hapo nikasimama.

"Mama Mauzo, kazi chukua! Mimi si mwenye nyumba! Sina mke, sina mtoto, na ile suti haikuwa yangu!"

"Mungu wangu," Mama Mauzo akanong'ona.

"Picha ni ya maonyesho tu! Nilitolewa kazini mchana mmoja, nikavishwa, nikapigwa picha, nikarudi kwenye vioo vyangu. Niliisahau kama unavyosahau kikombe cha chai!"

"Mtu anasahau harusi?" Nesi akadakia.

"Haikuwa harusi!"

"Shela nimeliona!"

"Pazia lile! Pazia la chumba cha wageni!"

Bibi Hakimu aligonga fimbo sakafuni, ko, ko. Akavuta kiti, akakaa kwenye meza ya chakula na kulinyoosha goti lake.

"Kimya. Nilishaanza kuitilia shaka nyumba hii, maana chungwa nililokwangua pale jikoni ni la plastiki. Sasa tuendeshe mambo kwa utaratibu. Mshitakiwa, una shahidi?"

"Ninao, Bibi. Bibi harusi mwenyewe yuko mapokezi, hapo getini."

"Aletwe."

"Mheshimiwa, hakuna haja..." Mama Mauzo akaanza.

"Wewe dada, usinipotezee shahidi. Piga simu."

Akapiga. Hazikupita dakika nyingi, akaingia dada wa mapokezi akiwa na mtoto mgongoni, na nyuma yake mlinzi wa getini, jibaba la futi sita, anatweta.

"Nani anasema mke wangu ana mume mwingine?" akauliza.

Nesi akamwinulia fremu. "Huyu ni nani?"

"Mke wangu huyo! Na huyo mtoto ni wangu, na suti hiyo ni yangu ya harusi! Mwambie huyu fundi anirudishie tai."

"Tai nilikurudishia!" nikasema.

"Ulirudisha yenye gundi!"

Dada wa mapokezi alikuwa anacheka mpaka mtoto anatikisika mgongoni. "Wifi, mwangalie vizuri. Suti ilimmeza, tukaibana kwa nyuma na vibanio vya nguo. Angegeuka tu, aibu yetu sote."

Bibi Hakimu akamtazama mlinzi juu mpaka chini. "Mbona hukupigwa picha wewe, mume halali?"

Mlinzi akakohoa. "Mama Mauzo alisema mke wangu shela litamficha uso, ila mimi wateja wananiona getini, watanitambua. Lakini fundi hakuna mteja anayemtazama usoni."

Hata mimi sikulijua hilo. Maneno yale yalinichoma, na nilitaka kusema neno kali, lakini Nesi alinitangulia.

"Mimi namtazama," akasema. Akamgeukia Mama Mauzo. "Mimi namtazama kila siku. Kwenye picha yako yenye suti na shela, sikuona kingine chochote ila uso wake. Ndiyo maana nimeivunja."

Akafuta machozi kwa kiganja, akanigeukia. "Na wewe! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? 'Mpenzi, leo nimeoa pazia'?"

Aliuma mdomo asicheke. Akashindwa. Akacheka, akanipiga kifuani na fremu, akacheka tena, na mimi nikamshika mikono yote miwili pamoja na fremu yake.

"Hukumu," akasema Bibi Hakimu. "Nyumba nainunua, maana upepo wake unanifaa goti. Uongo wake siununui. Toeni viatu vya mtoto, toeni machungwa. Na huyu fundi abaki kazini, maana mlango huu unateleza vizuri kuliko maneno yako, dada. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa," Mama Mauzo akajibu. Kisha akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. "Kumbe una sauti, fundi."

Simu ya Nesi ikalia. Akaruka.

"Mungu wangu! Mama!"

Akaweka sauti ya juu, na nyumba nzima ikasikia:

"Yuko wapi huyo? Nimeshamwambia baba yako! Nimeshawaambia shangazi zako! Kuku nimewaachia huru! Mpe simu mwenye wake wengi!"

"Mama, tulia, hana mke. Alikuwa ameoa pazia."

"Ameoa nini?"

Mlinzi alikaa chini kwa kicheko. Nesi akanikabidhi simu na ile fremu. Nikanyoosha kola yangu yenye gundi.

"Shikamoo, mama."

"Sijui kama nitaitikia. Sema."

"Mama, wakamate kuku tena. Jumamosi nakuja, na wazee wangu. Kuna fremu hapa binti yako ameivunja kioo. Nitaikatia kipya kwa mkono wangu, na picha itakayokaa ndani yake itakuwa ya binti yako na mimi, shela la kweli, na suti yangu mwenyewe, isiyo na kibanio hata kimoja nyuma. Nakuahidi, mama, mbele ya hakimu."