Kadi ya Amos Fenstermaker

Doa lile Arlene Reinhold aliliona Jumanne, saa nane mchana, aliporudi kutoka kazini. Lilikuwa kwenye ukuta wa jikoni kando ya jokofu, chini, usawa wa mgongo wa mtu aliyechuchumaa, na lilikuwa bichi. Aligusa akanusa kidole. Jasho. Akainama kwa taabu, maana magoti yake ya miaka sitini na mitatu yalikuwa yameshachoka, akalifuta kwa tambara na kujiambia kuwa bomba linavuja ndani ya ukuta. Jumatano lilikuwa limerudi, na safari hii ukuta ulikuwa na joto.

Hakuwa na nguvu ya kulifikiria. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama kwenye mkanda wa kiwanda cha biskuti za chumvi pale Reading, Pennsylvania, kuanzia alfajiri, akichambua zilizovunjika. Mwezi wa nne alimzika kaka yake Clair na kuhamia nyumba aliyomwachia, na tangu hapo siku zake za kupumzika ziliishia kwenye maboksi ya marehemu. Ndani ya boksi moja, katikati ya magazeti ya zamani, ndipo alipoikuta kadi, siku mbili kabla ya doa.

Ilikuwa ndogo, ya zile zilizotiwa kwenye pakiti za sigara enzi za babu zao. Ilimwonyesha mdakaji wa besiboli, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira, amechuchumaa na glavu yake mbele, macho yametoka. Amos Fenstermaker. Alicheza mechi kumi na moja tu mwaka 1910, kisha mpira ukampiga kwenye panja akafia pale pale uwanjani, na kampuni ya sigara ikaacha kuchapa kadi yake. Haya alielezwa na dalali wa mnada, Bwana Trexler, kwa simu, kwa sauti ya mtu anayejizuia asipige kelele.

"Zinazojulikana ni nne tu, mama. Hiyo yako ya tano. Usiishike ovyo, na tafadhali usimwonyeshe mtu."

"Inaweza kunitoa kiwandani?"

"Hata kesho."

Mnada ulikuwa baada ya wiki tano. Arlene akaiweka kadi kwenye droo ya vijiko, akaendelea kwenda kazini.

Wiki ya pili ikaja harufu, ya ngozi iliyolowa na tumbaku ya kutafuna, ingawa Clair hakuwahi kutumia tumbaku. Ikaja na sauti: pu, kimya, pu, kama mtu anayejipiga ngumi ndani ya glavu akisubiri mpira ambao hauji. Arlene alikuwa akila supu yake mchana kweupe, jua limejaa dirishani, na sauti inatoka kwenye ukuta ule ule. "Niache nile," alisema kwa unyonge, bila kugeuka. Sauti ikanyamaza hadi alipomaliza.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo alirudi amechoka kuliko siku zote, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake miguuni, akasema nitafumba macho dakika kumi tu, na alipoyafumbua hakuwa kwenye kochi bali jikoni, mgongo wake umegandana na ukuta wenye joto, amechuchumaa, mikono yote miwili ameinyoosha mbele kama anayepokea kitu, mapaja yanawaka, jasho linamdondoka kidevuni, na saa ya ukutani inamwambia kwamba amekaa vile saa nne nzima, na alipotaka kusimama kitu kilimkandamiza mabegani, si kwa hasira, bali kwa uzito wa mtu aliyechoka anayekuegemea, na pumzi yenye tumbaku ikampitia sikioni.

Alitambaa hadi mlangoni. Pale kizingitini ndipo alipokumbuka jinsi Clair alivyokutwa. Daktari alisema ni moyo. Lakini Clair alikutwa chumba cha chini, amechuchumaa ukutani, mikono mbele, na watu wa mazishi walipata kazi kubwa kumnyoosha.

Jumamosi alikwenda kwa Erma Dietz, bibi wa miaka tisini aliyeishi nyuma ya kinu cha nafaka njia ya Kutztown, ambaye tangu zamani alitibu walioungua na waliotupiwa vitu kwa kuwanong'oneza maneno ya Kijerumani cha kale. Erma hakuuliza mengi. Alichukua uzi mwekundu, akapima unyayo wa Arlene mara saba, urefu ambao mtu mwenye afya anapaswa kuwa nao, kisha akausimamisha uzi huo kuanzia kisigino hadi utosini. Uzi ulikipita kichwa kwa vidole viwili.

"Umepungua, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nani anakukalisha?"

Arlene akamweleza yote, akinong'ona kama yule mtu yuko mlangoni.

"Huyo hakuchukii. Amechoka tu. Miaka zaidi ya mia amekaa vile, anatafuta mwili wa kumpokea zamu. Kaka yako alimpokea mpaka moyo ukakataa."

"Niichome kadi?"

"Ukiichoma atakwenda wapi? Atabaki kwako. Iuze. Lakini mnunuzi asikie kwa mdomo wako mwenyewe anachokichukua, akubali. Ukimficha, kadi itaondoka, yeye atabaki kwenye magoti aliyokwisha kuyazoea."

"Bibi, nani atanunua kitu cha namna hiyo?"

"Hapo sasa sijui." Erma akamfunga uzi chini ya goti. "Huu utakushikilia mpaka siku yenyewe. Usiufungue hata ukioga."

Siku ya mnada, Lancaster, ukumbi ulijaa wanaume wenye miwani na vitabu vya bei. Trexler aliposikia anachotaka kufanya Arlene, rangi ilimtoka usoni.

"Mama Reinhold, nakuomba. Hawa ni watu wa kadi. Watadhani ina kasoro."

"Ina kasoro."

Akasimama, akashika kiti cha mbele yake, akawaeleza. Hakupamba. Alisema kaka yangu alikufa hivi, mimi nimekalishwa hivi, anayeinunua anamnunua na mwenyewe. Mmoja akacheka peke yake, akanyamaza. Trexler akafungua mnada. Mikono iliyokuwa inapanda haraka ilipanda polepole, kisha ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, wenye mikono wakitazama mapaja yao.

Ukabaki mkono wa Elwood Guth, mzee aliyekuwa fundi wa reli, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni.

"Rudia, dada," alisema. "Anamfanya nini mtu?"

"Anamchuchumaza, mzee. Mpaka anamuua."

"Nimesikia. Nakubali."

Nyundo ikagonga. Bei ilikuwa nusu ya aliyotarajia Trexler, lakini ilimtosha Arlene kuaga kiwandani. Usiku ule alilala saa kumi na moja mfululizo. Ukuta ukakauka. Harufu ikaisha. Kwa wiki tatu hakufanya lolote ila kulala, kula na kulala tena.

Jumapili moja asubuhi simu ikalia.

"Dada Reinhold, ni Guth. Leo nimeamka niko sakafuni."

"Umeanguka?"

"Sikuanguka. Nimechuchumaa." Alikuwa anahema kama mtu aliyebeba mzigo. "Miaka kumi na tisa siisikii miguu yangu hata ichomwe sindano. Leo inauma, yote miwili. Inawaka moto, dada."

Arlene akakaa chini. "Mzee, nisikilize. Kuna bibi hapa, Erma Dietz. Nitakuleta kwake leo hii, atakufunga uzi."

"Sitaki uzi."

"Moyo wako utakataa. Kaka yangu..."

"Ulinieleza. Ulisimama mbele ya watu ukanieleza, na mle ndani hakuna aliyekusikia vizuri kama mimi. Nimepiga nikuulize jambo moja tu. Kaka yako, alipokuwa naye, aliwahi kunyanyuka na kusimama?"

Arlene akafumba macho. Alitamani kumdanganya, lakini alikuwa amechoka mno kutafuta uongo.

"Hapana, mzee. Hakuwahi."

Guth aliiweka simu mahali bila kuikata, na Arlene akasikia goti la mzee likilia akijinyanyua, kisha, baada ya muda mrefu, la pili.